Sarara ya nguruwe kwenye kikaangio cha hewa: dalili za mapishi yaliyoharibika, sababu zake na namna ya kurekebisha

Sarara ya nguruwe ni ule mnofu mrefu, mwembamba upande mmoja, unaolala ndani ya kiuno chini ya uti wa mgongo. Kila nguruwe ana minofu miwili ya aina hiyo, na ndiyo nyama laini kuliko zote mwilini mwake, kwa sababu msuli huo haufanyi kazi kubwa mnyama anapotembea. Ni nyama isiyo na mafuta mengi, na hapo ndipo shida inapoanzia. Kitimoto tulichokizoea Mwanza hutokana na mbavu, mkono au paja, vipande vyenye mafuta na ngozi ambavyo huchemshwa kwanza na kisha kukaangwa hadi vikakauke juu, na mafuta yake ndiyo yanayoviokoa visiwe vigumu. Sarara ikipikwa kwa desturi hiyo haina cha kuiokoa.

Kikaangio cha hewa, ambacho wauzaji wengi hukiita eafraya, kinaifaa sana nyama hii iwapo mpishi anaelewa kinavyofanya kazi. Juu yake kuna koili ya moto na feni inayopuliza hewa kavu kwa kasi kuzunguka kikapu. Hewa hiyo hukausha uso wa nyama na kuupa rangi, huku joto likipenya polepole kuelekea katikati. Matatizo mengi yanayoelezwa hapa chini hutokana na mpishi kufuata saa bila kujua joto la katikati ya nyama limefika wapi, na kwa hiyo naanza na namba chache ambazo nitazirejea mara kwa mara.

Mnofu wa gramu 500 wenye unene wa sentimita 5 hivi, ukiwekwa katika kikaangio kilichopashwa moto dakika 5 na kuachwa kwenye nyuzijoto 190, huiva kwa dakika 18 hadi 22, ukigeuzwa mara moja katikati ya muda huo. Mamlaka za usalama wa chakula za Marekani, tangu mwaka 2011, zimekubali nyuzijoto 63 katikati ya mnofu mzima wa nguruwe, ikifuatiwa na mapumziko ya dakika 3. Nyama ikipita 66 hivi nyuzi zake huanza kujikunja kwa nguvu na kukamua maji, na ikipita 75 hakuna mchuzi wala siagi itakayoirudisha. Kwa jikoni zetu mimi napendekeza kuitoa kwenye kikaangio ikiwa 65 na kuiacha ipande yenyewe hadi 67 au 68 ikiwa imepumzika. Kiwango hicho kinaongeza usalama, na nyama iliyotiwa chumvi mapema hubaki na maji ya kutosha.

Nyama imekauka na inamung'unyuka mdomoni

Hili ndilo lalamiko kubwa, na sababu yake ya kwanza ni kupitiliza. Sarara ni nyembamba kiasi kwamba dakika 4 za ziada zinatosha kuitoa katika hali nzuri na kuifikisha katika hali ya kusikitisha. Dawa yake ni kipimajoto cha jikoni chenye sindano, kinachochomwa kutoka upande wa mwisho wa mnofu hadi ncha ifike katikati ya sehemu nene. Ukichoma kutoka juu, ncha hupita katikati kwa urahisi na kusoma joto la upande wa pili. Kipimajoto cha homa hakifai, kwa kuwa huishia nyuzijoto 42 au 43. Anza kupima dakika ya 14, kisha kila baada ya dakika 2 au 3.

Ikiwa unacho kipimajoto na bado nyama inakauka au inatoka mbichi, kikague chenyewe, na hapa mkazi wa Mwanza anahitaji uangalifu ambao vitabu vingi vya mapishi havimpi. Maelekezo ya kawaida husema uchomeke sindano katika maji yanayochemka na usome 100. Hilo ni kweli pwani. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji umekaa hapo ufukweni na kwenye vilima vyake, hivyo maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi. Kipimajoto kisicho na hitilafu, sindano yake ikitumbukizwa katika sufuria inayochemka Kirumba au Igoma, kinapaswa kusoma karibu na 96. Kikisoma 100 kamili kinaongeza nyuzi 4, na anayekitumia atatoa nyama kabla haijafika anapodhani. Mtu anayeona 96 akadhani kipimajoto chake kinapunguza, akaongeza nyuzi 4 kichwani, ataitoa nyama mapema vilevile. Kipimo kisichotegemea mwinuko ni barafu: jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji baridi kidogo, koroga, subiri dakika 2, na usomaji uwe 0.

Sababu ya pili ni umbo. Mkia wa sarara ni mwembamba kiasi cha vidole viwili, ilhali kichwa chake ni kinene, na vyote viwili hukaa ndani ya moto ule ule kwa muda ule ule. Kunja sentimita 8 au 10 za mkia chini ya mnofu na uufunge kwa uzi wa pamba, ili unene ulingane kutoka mwanzo hadi mwisho. Anayeona kazi ya uzi ni kubwa aukate mkia na kuutia kikapuni dakika 8 baada ya kipande kikubwa kuanza. Unene, kuliko uzito, ndio unaoamua muda: mnofu wa sentimita 6 unahitaji zaidi ya mara moja na nusu ya muda wa mnofu wa sentimita 4, hata kama mizani inaonyesha uzito ule ule.

Sababu ya tatu ni kuisahau nyama ikiwa bado kikapuni baada ya kuzima. Joto lililokusanyika nje huendelea kusafiri kuelekea katikati, na chombo kilichofungwa huongeza lake. Itoe mara moja, iweke juu ya ubao au sahani, usiifunike kwa kifuniko kizito, na uiache dakika 6 hadi 8. Katika muda huo majimaji yaliyokuwa yakisukumwa na joto hutulia na kuwa mazito kidogo, na ukiikata hayatamwagika yote kwenye ubao.

Sababu ya nne ni chumvi kuchelewa. Chumvi inayonyunyizwa dakika moja kabla ya kupika hubaki juu. Ile inayopewa muda huingia, hulainisha protini za nyuzi na kuzifanya zishike maji hata zinapopashwa moto. Kwa gramu 500 za nyama tumia gramu 6 za chumvi ya unga, ambayo ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, paka pande zote na uweke katika friji kuanzia asubuhi hadi jioni, au usiku kucha. Njia ya maji ya chumvi nayo ni nzuri: gramu 60 za chumvi katika lita 1 ya maji baridi, nyama ikazama humo saa 1 hadi 2, kisha ikaushwe vizuri kwa kitambaa. Usiunganishe njia zote mbili.

Halafu iko desturi ya kuchemsha kwanza. Naielewa hofu inayoizaa, na nitaijibu mbele kidogo, lakini mnofu huu ukichemshwa hadi kuiva kisha ukaingizwa kwenye kikaangio unapikwa mara mbili na kukaushwa mara moja. Hauhitaji kuchemshwa.

Nyama si kavu, lakini ni ngumu

Swali la kwanza hapa ni kama uliyonayo ni sarara kweli. Mabucha mengi hukata nguruwe kwa panga na gogo, mifupa pamoja na minofu, na sarara hugawanyika humo ndani ya vipande vya mgongo kabla mteja hajafika. Mtu akiomba mnofu laini saa 5 asubuhi hupewa nyama ya paja au ya mgongo wa nje, ambayo ni nyama nzuri lakini ina tabia nyingine. Mnofu wa mgongo wa nje ni mpana, una ukanda wa mafuta upande mmoja, nao huhitaji muda mrefu zaidi. Njia ya uhakika ni kumwambia muuza nyama siku moja kabla, ili mnyama anapopasuliwa alfajiri akutolee mnofu wa ndani ukiwa mzima. Nguruwe wetu wa kienyeji na chotara wengi ni wadogo, kwa hiyo usishangae kupata mnofu wa gramu 300; punguza muda na uanze kupima dakika ya 10.

Swali la pili ni nyama ilichinjwa lini. Tumelelewa kuamini kuwa nyama bora ni ile iliyochinjwa leo, na kwa samaki wa ziwani imani hiyo haina kasoro: sato wa asubuhi kutoka soko la samaki la Mwaloni hana mpinzani. Kwa nguruwe mambo ni tofauti. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, na nyama inayopikwa katika hali hiyo huwa ngumu hata ikipikwa kwa ustadi. Ukakamavu huo huachia kadiri muda unavyokwenda. Nunua asubuhi, paka chumvi, weka katika friji, pika kesho yake. Kwa hatua hiyo moja umepata ulaini na umepata chumvi iliyoingia.

Utando mweupe wenye kung'aa unaofunika sehemu ya juu ya mnofu nao ni chanzo cha ugumu. Hauyeyuki kwa joto la dakika 20. Hujikunja, ukaipinda nyama, na ukabaki kama mpira kati ya meno. Pitisha ncha ya kisu chembamba chini yake, uelekeze makali juu kidogo, na uuvute kwa mkono mwingine hadi utoke wote. Mwisho, angalia unavyokata mezani: nyuzi za sarara hukimbia kwa urefu, na vipande vya mviringo vya sentimita 1 au 2 vinavyokatwa kukingama nyuzi hizo ndivyo vinavyotafunika vizuri.

Maji yamejaa chini ya kikapu na nyama imepauka

Kama ulifuata joto sahihi na bado droo imejaa maji, tatizo limeanza kabla ya jikoni. Nguruwe akisafirishwa mchana juani, amefungwa juu ya pikipiki, akapigwa na kuhangaika hadi dakika ya kuchinjwa, misuli yake huzalisha asidi kwa kasi mwili ukiwa bado na joto, na protini hupoteza uwezo wa kushika maji. Nyama hiyo huonekana buchani: imepauka kupita kawaida, ni tepetepe ukiibonyeza, na sinia lake lina maji. Iache. Nyama nzuri ya nguruwe ina wekundu wa waridi uliokolea kiasi, ni imara, na uso wake una unyevu bila kuchuruzika. Mfugaji na msafirishaji wanaomtendea mnyama kwa upole wanastahili kutafutwa na kurudiwa na wateja, kwa sababu kazi yao inaonekana hadi kwenye sahani.

Sababu nyingine ni friza ya nyumbani. Nyama inayoganda polepole hutengeneza chembe kubwa za barafu zinazotoboa nyuzi, na umeme ukikatika ikayeyuka na kuganda tena, hasara huwa maradufu. Gandisha vipande vidogo, viwe bapa, na uviyeyushe ndani ya friji kwa siku nzima, si juu ya meza.

Nje imeungua, ndani bado mbichi

Vikaangio vidogo vya lita 3 au 4 huiweka nyama karibu sana na koili, na namba iliyo kwenye kitufe mara nyingi hailingani na joto halisi lililopo juu ya kikapu. Ikiwa chako kina tabia hiyo, shuka hadi 175 au 180, ongeza dakika chache, na ugeuze nyama mara mbili badala ya moja. Asali, sukari na sosi ya nyanya vipakwe dakika 4 za mwisho tu, kwani sukari huungua muda mrefu kabla nyama haijaiva. Kitunguu saumu kilichopondwa nacho huwa cheusi na kichungu kikibaki juu ya nyama. Kifute kabla ya kupika. Na kabla ya kulaumu chombo, hakikisha katikati ya mnofu hakuna barafu.

Nyama imeiva lakini haina rangi

Rangi ya kahawia huanza pale uso wa nyama unapopita nyuzijoto 140 hivi, na uso wenye maji hauwezi kufika huko mpaka maji yakauke. Ifute nyama kwa kitambaa safi, paka kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti, na usiweke minofu miwili ikigusana. Karatasi ya aluminiamu inayofunika matundu yote ya kikapu huzuia hewa kuzunguka, ondoa.

Kama hayo yote yametimizwa, tazama umeme. Koili ya kikaangio imetengenezwa kwa volti 230 hivi, na nguvu yake hushuka haraka kuliko volti zenyewe: umeme ukishuka hadi 200, koili hutoa takriban robo tatu tu ya joto lake. Jioni, majirani wote wanapopika na kupiga pasi, hilo si jambo geni katika mitaa iliyo mbali na transfoma. Utalitambua kwa taa kufifia na kwa taa ndogo ya kupashia kutozima kabisa. Pasha kikaangio dakika 8 au 10 badala ya 5, au pika alasiri. Kichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, kwa kuwa chombo cha wati 1,500 kinachopitia ekstensheni nyembamba hupoteza umeme njiani na huufanya waya upate moto kiasi cha kuweza kuunguza nyumba.

Katikati ina rangi ya waridi: je, ni salama?

Hofu hii ina msingi, na siwezi kuidharau. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha binadamu huweza kubeba viluilui vya tegu katika misuli yake, navyo huonekana kama malengelenge madogo yenye maji na doa jeupe ndani. Anayekula nyama hiyo ikiwa haijaiva hupata mnyoo wa tegu tumboni, na mayai ya mnyoo huo, yakimezwa kwa uchafu wa mikono au chakula, huweza kuleta viluilui hadi kwenye ubongo na kusababisha kifafa. Kinga ya kwanza ni kununua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, katika bucha linalojulikana, kutoka kwa nguruwe waliofugwa bandani. Nyama isiyokaguliwa usiinunue, hata ukiahidiwa bei ya chini. Na ukiona malengelenge hayo, usile.

Kinga ya pili ni joto, na hapo rangi si shahidi wa kutegemewa. Mnofu uliofika 65 ukapanda hadi 68 waweza kubaki na waridi hafifu, na mwingine ukawa kijivu kabla haujafika popote. Amini sindano iliyokaguliwa kwa barafu. Kwa watoto wadogo, wajawazito na wazee, au pale familia haina amani na waridi hata kidogo, iache ifike 70 hadi 71. Ikiwa ilitiwa chumvi mapema bado itakuwa na unyevu wa heshima. Asiye na kipimajoto aukate mnofu vipande vya mviringo vya sentimita 3 kabla ya kupika, avipike dakika 10 hadi 12 akivigeuza mara moja, na apasue kile kinene kuliko vyote: kusiwe na sehemu yenye ung'avu wa nyama mbichi wala majimaji mekundu.

Uso umelegea na una unga-unga

Huu ni mkono wa ndimu au papai. Papai bichi hulainisha nyama ya ng'ombe mzee kwa sababu lina kimeng'enya kinachovunja protini, na nanasi lina chake. Lakini sarara ni laini tayari, na ikilala humo usiku kucha uso wake huwa uji. Yaache kabisa. Ndimu au siki zisizidi dakika 30, kisha futa. Tangawizi mbichi nayo ina nguvu ya aina hiyo, kwa hiyo saa 1 inatosha.

Moshi unatoka

Sarara haina mafuta ya kutosha kuzalisha moshi mwingi. Unaouona hutokana na mafuta ya zamani chini ya kikapu au kiungo kinachodondoka. Osha droo kila baada ya kupika, na mimina vijiko viwili vya maji chini ya kikapu kabla ya kuanza, kama maelekezo ya chombo chako yanaruhusu. Nyumba yenye watu wasiokula nguruwe ni vyema iwe na kikapu cha pekee, au waombwe ridhaa mapema. Harufu iliyogandia kwenye droo haifichiki.

Kiporo cha kesho ni kikavu

Nyama iliyobaki iingie katika friji ndani ya saa 2, ikiwa kipande kizima, na iliwe ndani ya siku 3. Ukiirudisha kwenye kikaangio unaipitisha tena katika joto lile lile lililokamua maji jana. Ikate ikiwa baridi, vipande vyembamba sana, kisha andaa mchuzi wa nyanya, kitunguu na pilipili hoho. Ukishachemka vizuri tia vipande, koroga, uviache humo dakika 1 au 2 hadi vitoe mvuke, na upakue juu ya wali au ndizi za kuchemsha mara moja.